Mguu Ulikatwa au Ulivunjika?

“Mguu ulikatwa.” “Mguu ulivunjika.” Sentensi ya kwanza ina mtu ndani yake, hata kama hatajwi. Ya pili haina mtu. Sekondari tulifundishwa kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka, tukajibu mtihani, tukasahau. Mimi nimezikumbuka nikisoma vitabu vilivyoandikwa kuhusu kifo cha Julie Ward, kwa sababu naona kesi nzima ilikuwa ugomvi juu ya kauli hizo mbili.

Ward, Mwingereza wa miaka 28 aliyependa kupiga picha za wanyama, alipotea Maasai Mara Septemba 1988. Mara ya mwisho alionekana tarehe 6 katika kambi ya Sand River, jirani kabisa na mpaka wetu wa Serengeti. Baba yake, John Ward, mwenye hoteli huko Uingereza, alikuja akakodi ndege za kumtafuta. Gari lilikutwa limekwama kwenye korongo, na juu ya paa mtu alikuwa ameandika SOS kwa tope. Siku hiyohiyo, kilomita kadhaa kutoka hapo, penye majivu, ikapatikana sehemu ya mguu wa kushoto na kipande cha taya.

Daktari wa polisi, Adel Shaker, aliandika kwamba mguu ulikatwa kwa kitu chenye makali. Kisha ripoti ikapita mikononi mwa mkuu wa patholojia wa serikali, Jason Kaviti, na maneno yakabadilishwa. Mfupa uliokatwa sasa ukawa umepasuka. Kwa neno moja panga likaondoka, simba wakaingia. Ward hakukubali. Alipeleka mabaki Uingereza, ambako Profesa Austin Gresham wa Cambridge alisema alichosema Shaker. Oktoba 1989 hakimu Joseph Mango wa Nairobi akaamua kwamba haya ni mauaji.

Kitabu cha Ward, The Animals Are Innocent (1991), ni cha msomaji mkaidi, na ukaidi wake ndio utamu wake. Anarudi kwenye karatasi ileile hadi ikubali kusema. Siri ya ushahidi wa aina hii ni kwamba hausemi wenyewe. Mfupa hupasuka ukiungua, fisi naye hutafuna ncha zake, kwa hiyo mtu anayetaka simba atawapata. Lakini mkato safi una uso laini ambao jino haliachi.

Tulipokijadili kitabu hiki Kibaha, mwenzetu mmoja, muuguzi kutoka Kisarawe, hakushangazwa na kisa cha ripoti. Ameona majeruhi wangapi wakija na PF3 mkononi. Anajua kwamba neno atakaloandika daktari kuhusu jeraha ndilo litakalosimama mahakamani siku daktari atakapokuwa amehamishwa. Kilichomshughulisha ni majivu. Kisarawe watu wanachoma mkaa, alisema, na kila aliyechoma mkaa anajua moto mkubwa una mlinzi: wa kuleta kuni, wa kukaa nao, wa kuutazama. Tena ni kauli mbili, mwili uliungua au ulichomwa. Sisi tuliobaki tulikuwa tumesoma kurasa zote hizo tukiutazama mfupa tu.

Hapo ndipo Ward anaponipoteza kidogo. Anaziamini karatasi na maabara, na maneno ya watu wa kawaida anayapa nafasi ya kelele. Grace Musila, msomi wa Kenya, ameliona hilo vizuri katika A Death Retold in Truth and Rumour (2015). Uvumi, kwake, ni namna ya kusoma. Watu wa enzi ya Moi waliokwisha kuona taarifa za serikali zikigeuka walikuwa na sababu ya kusikiliza zaidi kwenye matatu kuliko redioni. Mwaka 1990 maiti ya waziri Robert Ouko iliokotwa Got Alila ikiwa imechomwa, na bado ikatolewa nadharia kwamba alijiua. Nani angeamini ripoti baada ya hapo? Musila pia hawaachi Waingereza wakae upande wa ukweli kana kwamba ni mali yao, na amefanya vyema. Lakini anavutiwa mno na jinsi kisa kinavyosimuliwa, na kuna kurasa ambazo nilitamani arudi kwenye ule mguu.

Maana neno “ulikatwa” linatupa mtu, halitupi jina. Askari wawili wa hifadhi walishtakiwa, wakaachiwa huru mwaka 1992. Aliyekuwa mkuu wa askari wa hifadhi naye akaachiwa mwaka 1999. Mwaka 2004 uchunguzi wa kifo uliofanyika Ipswich ulirudia kwamba aliuawa. Baada ya “alikatwa na” pana nafasi tupu, na nusu ya pili ya kitabu cha baba inajaribu kuijaza kwa nguvu ambayo mfupa haukuitoa. Namwelewa kama mzazi. Kama msomaji, simfuati.

Ukivipata vyote viwili, anza na Ward. Musila akitangulia utamshuku mzee huyu tangu ukurasa wa kwanza, na utakosa kuona jinsi alivyosoma ile karatasi.