Tupa ya Mama, Sindano ya Mwana

Miritini imepakana na Jomvu Kuu, mji wa Wajomvu, na Wajomvu wamo katika Taifa Kumi na Mbili za Mombasa. Katika hesabu hiyohiyo wamo Washaka, ambao asili yao ni Shaka, upande wa Mto Tana unapoingia baharini, nchi ya shujaa Fumo Liyongo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Miritini anayefundishwa mighani, akatajiwa Liyongo, anasoma habari za jamaa za majirani zake.

Aliyekitia kisa cha Liyongo katika utendi tunaousoma leo ni Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mwaka 1913. Kijumwa alikuwa mwandishi wa khati, mwanamuziki na mchongaji wa mbao, na mkono wa mchongaji unaonekana katika tungo zake: hakuna kilichobandikwa kwa kupamba tu. Kila mbinu ina kazi, na kazi kubwa kuliko zote ni kuyafikisha mauti kwa njia ya mapenzi.

Tuanze na fumbo. Liyongo yuko gerezani Pate, anangoja kuuawa. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa mjakazi, Saada, lakini walinzi hujilia kile kizuri. Mfungwa anamwimbia Saada wimbo, na ndani yake mna ujumbe kwa mama: aoke mkate wa wishwa, atie tupa ndani. Walinzi wanausikia wimbo wasiuelewe. Wanauona mkate wa wishwa wakaudharau. Kisha inapigwa ngoma ya gungu, na kelele zake zinafunika sauti ya tupa inayokata pingu. Tumezoea kusema kwamba fumbo huficha maana. Hapa fumbo linaokoa roho ya mtu, na linafaulu kwa sababu mama anamjua mwanawe kiasi cha kulifumbua.

Sasa tazama Kijumwa alivyolipa deni la tupa hiyo. Sultani wa Pate, akishindwa kwa nguvu, anamnunua mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya cheo na mke. Mtoto anamwendea baba akimuuliza kitu gani kinaweza kumuua, na baba anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Sisi wasomaji tunajua mtoto ametumwa na nani, na kila neno la upole baina yao linatuchoma. Hiyo ni taharuki iliyojengwa bila upanga kuchomolewa.

Viweke vitu hivyo viwili pamoja. Tupa na sindano vyote ni vifaa vidogo vya kazi, si silaha za vita. Kimoja kinatoka kwa mama kikampa Liyongo uhai. Kingine kinatoka kwa mwana kikauondoa. Na mahali penyewe ni kitovu, pale alipounganishwa na mama yake kabla hajazaliwa. Maadui wenye mikuki hawakumpata. Kifo kilipita mlango ambao ni wapendwa tu wanaoujua.

Umbo la utendi linasaidia hapa kuliko tunavyokiri. Kila kipande kina mizani minane. Vipande vitatu vya kwanza vya ubeti vina kina kimoja, na cha nne kinarudi kwenye kina cha bahari kilekile, ubeti hadi ubeti, zaidi ya beti 200. Sindano inapoingia, mizani haibadiliki. Mtunzi hapazi sauti, halii kwa niaba yetu. Huzuni inabaki kwa msikilizaji, na kwa hiyo inakuwa nzito zaidi.

Liyongo aliyejeruhiwa anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti, anapachika mshale, na anafia hapo katika hali hiyo. Watu wanaogopa kuteka maji, wakidhani ana hasira. Anaitwa mama. Anakuja na maneno ya kubembeleza, akimtuliza mtoto ambaye hawezi tena kusikia. Mwanzoni mwana alimwimbia mama, na mama akajibu. Sasa mama anamwimbia mwana, na jibu halipo. Ni usemezano uleule umegeuzwa, na kugeuzwa huko ndiko kunakosema kifo ni nini, bila mtunzi kutoa tafsiri.

Darasani tumewazoesha vijana kuorodhesha tamathali na mbinu: hii tashbihi, hii taswira, hii taharuki, alama mbili. Orodha ni mwanzo mwema, lakini Kijumwa anastahili swali la pili: mbinu hii inafanya kazi gani, na ikiondolewa nini kitaanguka? Iondoe tupa, na sindano inabaki kuwa hila ya mwuaji tu. Uondoe wimbo wa gerezani, na kilio cha kisimani kinakosa mizizi. Mwanafunzi akiusoma utendi kwa sauti, kwa mahadhi yake, akalijibu swali hilo mwenyewe, atakuwa amejifunza kutunga pamoja na kusoma.