Nimemwona Konyeza wa Nyamisati, Acheni Utani!

Jamani, nimemwona! Leo asubuhi, Nyamisati, wilayani Kibiti. Maji yanaanza kutoka, wenzangu wanagombea nafasi kwenye boti ya Mafia, mimi nimechuchumaa matopeni namkodolea macho konyeza. Wengine humwita yavuyavu. Wavuvi wa kamba humkung'uta wavuni kama takataka. Mie namvulia kofia!

Niliazima bakuli kwa mama ntilie, nikalijaza maji, nikamteka taratibu. Weee! Ua lililochorwa chini ya bakuli nikaliona kupitia mwilini mwake, hadi ncha za majani! Ukubwa wake kama kisahani cha chai, na katikati ana viduara vinne vya zambarau. Nilidhani ni macho. Kumbe ndimo yanamotengenezwa mayai!

Mwendo je? Mwili wake wa mwavuli unajikunja, unajikunjua, anasonga. Basi! Hana moyo, hana ubongo, hana hata mfupa mmoja. Zaidi ya asilimia 90 ya mwili wake ni maji. Na ukoo huu umo baharini kwa zaidi ya miaka milioni 500. Dinosaria walikuja, wakaondoka, wakamwacha anajikunja na kujikunjua.

Kuwasha? Mzee aliyekuwa akishona wavu alicheka: "Huyo hana neno, mwanangu. Ila usije ukajipangusa macho." Nikamgusa mgongoni. Hola! Sumu yake ni ya kunasia vijidudu vya majini; kiganja cha mtu haikiwezi.

Kasoro anazo. Mtoe majini uone: anabwagika kama uji uliomwagika. Tena wapo wenziwe wakali. Ukikuta kitu chenye puto la buluu na nyuzi ndefu, pita mbali, hata kama kimekufa ufukweni.

Huku tunausifu sana msitu wa mikoko wa Delta ya Rufiji, mkubwa kuliko yote Tanzania, uliotambuliwa na Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu mwaka 2004 pamoja na Mafia na Kilwa. Tunasifu kamba wake, tunasimulia viboko wake. Konyeza nani amemtaja?

Mimi nampa nyota tano kati ya tano, na kiingilio ni bure. Nilipomrudisha mkondoni alijikunja, akajikunjua, akatokomea kwenye kivuli cha mikoko. Ndipo nikainua kichwa kuitafuta boti.

Ilishaondoka. Wala sijutii!