Mseto wa Kadi kwa Msafiri wa Songea

Msafiri anayeanzia Songea hupita kwenye hali nyingi za malipo ndani ya safari moja. Alfajiri yuko stendi ya Shule ya Tanga na tiketi ameshailipia kwa simu. Mchana anakula Makambako kwa noti mkononi au kwa Lipa Namba iliyobandikwa ukutani. Usiku anashuka Mbezi Luis, stendi ya Magufuli, na kesho yake yuko Kariakoo anapatana bei ya mzigo. Wiki mbili baadaye anaweza kuwa Dubai au Guangzhou. Akielekea upande mwingine, lami inamfikisha Mbinga na kumteremsha hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, na huko mashine ya kuchanja kadi ni ya kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo ukitaka kuujua ubora wa kadi alizobeba, zipime kwa kituo kigumu kuliko vyote katika njia yake. Mseto unaong'ara Masaki lakini unamwacha mtu bila nauli Mbamba Bay ni mseto mbovu, hata kama kila kadi iliyomo ni nzuri ikiwa peke yake.

Tuanze na zawadi, maana ndizo zinazowavuta wengi. Tanzania zawadi za malipo hazikuanzia kwenye kadi za kifahari. Mwaka 2014 Tigo Pesa, ambayo leo inaitwa Mixx by Yas, ilianza kuwagawia wateja wake faida iliyotokana na fedha zao zilizowekwa benki, na mama muuza mbogamboga wa sokoni Songea akaipata kama alivyoipata mfanyabiashara mkubwa. Benki nazo zina kampeni zao: NMB wana MastaBata kwa wanaolipa kwa Mastercard, na CRDB wameitangaza TemboCard yao kwa zawadi za aina nyingi. Zawadi hizi ni halali na si vibaya kuzifurahia, ila mjuzi huziangalia mwisho kabisa. Mwonjaji kahawa wa Mbinga hapangi daraja kwa uzuri wa gunia. Anakaanga, anasaga, anachemsha na kuonja. Kadi nayo huonjwa kwa makato yake.

Fanya hesabu hii ukiwa umekaa. Tuseme kadi inakurudishia pointi zenye thamani ya asilimia moja ya kila unachonunua, na benki hiyo hiyo inakata asilimia tatu kila unapolipa kwa fedha ya kigeni. Ukinunua mzigo wa shilingi 1,000,000 nje ya nchi, umepewa 10,000 na umetozwa 30,000. Ongeza ada ya mwaka, ongeza makato ya kutoa fedha kwenye ATM ya benki nyingine. Afisa wa benki anayeijua kazi yake atakupa viwango hivi vitatu bila kusita: ada ya mwaka, makato ya ubadilishaji na gharama ya ATM za wengine. Akiviruka na kukimbilia zawadi, muulize tena mpaka avitaje.

Kuna jambo jingine ambalo vijitabu vya benki havilisemi. Safari yenyewe, kwa mtu wa huku, hulipwa zaidi kwa simu kuliko kwa kadi. Nauli ya basi la kawaida iliyotangazwa na LATRA Desemba 2023 ilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita, na Songea hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 950. Hapo unazungumzia kama shilingi 46,000 za basi, na karibu zote hupitia simu ya wakala wa tiketi. Gesti, chakula na bodaboda ni hivyo hivyo. Kadi inayojisifu kwa pointi za hoteli na migahawa itakuzawadia kwa matumizi usiyoyafanya. Chukua karatasi, andika safari yako ya mwisho ulilipa nini na kwa njia gani, kisha tafuta kadi inayolingana na orodha hiyo.

Kwa hiyo msingi wa mseto mzuri ni laini mbili za mitandao tofauti, zote zimesajiliwa kwa jina lako na zote zina pesa. Mtandao wenye nguvu Songea mjini unaweza kuwa dhaifu Tunduru au ufukweni Nyasa. Tena msimu wa kahawa au mahindi, wakulima wakishalipwa, mawakala vijijini huishiwa fedha taslimu kwa siku nzima. Unafika dirishani unaambiwa, "Kaka, noti zimeisha, jaribu kesho." Mwenye laini ya pili huvuka barabara akaenda kwa wakala mwingine. Siku hizi pesa huhama kwa urahisi kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine na kutoka benki kwenda simu, kwa hiyo huhitaji kugawa akiba yako nusu kwa nusu. Kiasi cha siku mbili za safari kwenye laini ya pili kinatosha.

Juu ya msingi huo weka kadi ya kawaida ya benki yenye ATM kwenye njia yako. Anayepanda na kushuka kati ya Songea, Njombe na Iringa hapati shida, kwani benki kubwa zipo. Anayeenda Tunduru hadi Mtwara aulize kwanza. Anayevuka Mkenda kuingia Niassa, Msumbiji, abebe fedha taslimu za kumtosha, na asidhani M-Pesa yake ya Tanzania itakuwa ya Msumbiji kwa sababu jina ni lile lile.

Sasa ishike kadi yenyewe uitazame. Pembeni pana nembo ya mtandao wake wa kimataifa. Visa na Mastercard hukubaliwa karibu kila mahali utakapofika. UnionPay ina nguvu China, na mfanyabiashara wa Guangzhou ana sababu nzuri ya kuwa nayo pamoja na mojawapo ya zile mbili. Visa mbili za benki mbili ni bora kuliko kadi moja, lakini Visa moja na Mastercard moja ni bora zaidi, kwa kuwa mtandao mmoja ukigoma siku hiyo mwingine unaendelea. Tafuta alama ya mawimbi manne madogo: hiyo ni kadi ya kugusisha bila kuchomeka. Soma tarehe ya mwisho. Kisha uliza kama imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni, kwani kadi nyingi hapa hutolewa zikiwa zimefungwa upande huo, na mtu hugundua usiku anapotaka kulipia tiketi ya ndege.

Hapo ndipo kadi na laini ya simu zinapokuwa kitu kimoja. Ukilipa mtandaoni, benki hutuma namba ya siri ya mara moja kwenye laini yako ya Tanzania. Ukiwa Istanbul na laini hiyo haijawezeshwa kufanya kazi nje ya nchi, ujumbe haufiki na malipo hayapiti, hata uwe na milioni kumi kwenye akaunti. Huduma hiyo iwezeshe ukiwa bado nyumbani.

Kadi ya mkopo ni habari nyingine, na watu wachache Songea wanaihitaji kweli. Benki huitoa kwa mwenye mshahara unaopitia kwao au aliyeweka amana ya dhamana. Faida yake kubwa ni pale hoteli au kampuni ya kukodisha magari nje ya nchi inapozuia kiasi fulani kama dhamana: kwenye kadi ya kawaida fedha yako halisi inakwama kwa siku kadhaa, kwenye kadi ya mkopo inazuiwa fedha ya benki. Ila ukiitumia kutoa noti kwenye ATM, riba huanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo. Na usipolipa deni lote tarehe yake inapofika, riba ya mwezi mmoja humeza pointi za miezi mingi. Kwa mtu ambaye mapato yake huja kwa msimu wa mavuno, siipendekezi.

Maili za ndege ndizo ninazozipenda zaidi, kwa sababu kujiunga ni bure. Kosa la kawaida ni kufungua akaunti kwa kila shirika, zikabaki tano zenye maili chache zisizonunua hata kiti kimoja. Angalia ushirika wa mashirika. Ethiopian na Turkish, yote mawili yakitua Dar es Salaam, yamo Star Alliance. Anayekwenda China kupitia Addis Ababa na Ulaya kupitia Istanbul anaweza kujaza akaunti moja. Kenya Airways na KLM wako SkyTeam. Qatar Airways yuko oneworld. Emirates hayumo katika ushirika wowote, na maili zake za Skywards huisha muda baada ya miaka mitatu, kwa hiyo zinamfaa anayekwenda Dubai mara kwa mara. Kwa ndege ya Air Tanzania inayotua hapa Songea, ile Dash 8 ya abiria 76, jiunge na mpango wao kama unasafiri nayo kila mwezi. Kwa safari moja ya likizo haina uzito.

Ukishafika ng'ambo, liko jaribio moja la kila siku. Unachanja kadi dukani Dubai, kioo cha mashine kinauliza: ulipe kwa dirham au kwa shilingi za Tanzania? Shilingi zinavutia kwa sababu unazielewa. Chagua dirham. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilishia, na kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yako.

Kadi zisikae kwenye pochi moja. Moja iwe mwilini, nyingine kwenye begi la mkononi. Na kama tarehe ya mwisho iko ndani ya miezi mitatu, omba mpya sasa, kwa sababu kadi mara nyingi hutengenezwa makao makuu na kusafirishwa hadi tawini, na basi la kwanza la alfajiri halikusubiri.