Ramli na Mistari Igeukayo

Neno ramli, litokalo katika Kiarabu kwa maana ya mchanga, limefika Mbinga na pwani ya Ziwa Nyasa, toka Lituhi hata Mbamba Bay, pamoja na Kiswahili chenyewe. Wako waalimu walitumiao kwa kila namna ya kuagua, hata ile ya Wachina. Twaona si sawa, tena kuna madhara.

Ramli halisi ina maumbo 16, kila umbo mistari minne ya nukta moja au mbili. Maumbo manne ya kwanza huitwa mama. Hayo huzaa mabinti manne, kisha yote hujumlishwa mawili mawili hata abaki kadhi mmoja. Nukta za kadhi ni shufwa daima, basi ni maumbo manane tu yawezayo kuhukumu. Hapa umbo huzaa umbo. Hakuna mstari ugeukao.

Yijing, Kitabu cha Mabadiliko cha Wachina, kina maumbo 64 ya mistari sita. Kwa kuhesabu vijiti kila mstari hupata 6, 7, 8 au 9. Wenye 7 au 8 hukaa. Wenye 6 au 9 hugeuka, mzima ukawa uliokatika, na uliokatika ukawa mzima. Hivyo huzaliwa umbo la pili. Mwaguzi asome wapi? Zhu Xi aliweka kanuni mwaka 1186: ukigeuka mstari mmoja, yasomwe maneno yake, ikigeuka miwili, wa juu ndio mkubwa, ikigeuka mitatu, zisomwe hukumu za maumbo yote mawili.

Mmisionari Richard Wilhelm, aliyefundishwa na mzee Lao Naixuan, alitoa tafsiri yake ya Kijerumani mwaka 1924. Twaisifu kwa kuwasikiliza wenyeji. Lakini yeye amwambia msomaji azingatie mistari yote igeukayo, na umbo la pili pia. Mistari hiyo mara nyingi hupingana, mmoja heri, mwingine shari. Basi mwaguzi huchagua apendavyo.

Lawama hiyo yahusu vijiji vyetu pia. Mgonjwa arudipo kwa mwaguzi na jina la jirani yake, jina hilo halikuandikwa katika nukta wala katika mstari. Limetoka kinywani mwa mwaguzi. Mwalimu asemaye “ramli imesema” amficha msemaji. Yafaa aulize kwanza: lilitoka umbo gani, na lilisomwa kwa kanuni gani?