Jinsi ya Kutambua Makadirio Mazuri ya Nafasi Iliyoshikwa na Snapshoti

Diski ya seva ikijaa, msimamizi huorodhesha snapshoti zake na kukimbilia safu ya USED. Akikuta nyingi zinaonyesha karibu na sifuri, huziacha na kwenda kumtafuta mchawi kwingine. Hapo ndipo fundi anapotengana na mtu aliyekariri amri. Katika ZFS, mfumo wa faili uliozaliwa Sun Microsystems mikononi mwa Jeff Bonwick na Matthew Ahrens, namba hiyo haikuambii snapshoti imeshika kiasi gani. Inakuambia kitakachorudi ukiifuta hiyo peke yake, nyingine zote zikibaki palepale.

Chukua faili la GB 10 lililokuwepo wakati snapshoti za Jumatatu, Jumanne na Jumatano zikipigwa, kisha likafutwa Alhamisi. Bloku zake zimeshikwa na zote tatu, kwa hiyo hakuna inayodaiwa peke yake, na kwa faili hilo USED ya kila moja ni sifuri. Futa ya Jumatatu, hupati kitu. Futa ya Jumanne, bado hupati kitu, ila ya Jumatano, iliyokuwa imenyamaza, sasa inaonyesha GB 10. Ni shamba la urithi: haliuziki mpaka mrithi wa mwisho atie sahihi. Ndiyo maana kujumlisha safu ya USED ni kazi bure. Linganisha jumla hiyo na sifa ya usedbysnapshots ya dataseti. Pengo lililopo kati ya hizo mbili ni data inayoshikwa na snapshoti zaidi ya moja, na mara nyingi ndiko nafasi ilikojificha.

Basi makadirio yenye thamani hutaja kundi. Amri ya zfs destroy -nv tangi/data@jumatatu%jumatano hupima mfululizo mzima na kutaja kitakachorudi bila kufuta chochote. Herufi n ndiyo inayozuia ufutaji, ukiisahau, umeshafuta.

Wapo wanaouliza kwa nini programu isionyeshe hesabu za makundi yote moja kwa moja. Snapshoti 30 zina mifululizo 465, na ukiruhusu kuchagua kwa kurukaruka, michanganyiko inapita bilioni moja. Afadhali uulize kuhusu kundi unalokusudia. Wengine husema futa tu, kisha tazama nafasi kwa amri ya df. Jibu hilo lina kasoro mbili: snapshoti iliyofutwa hairudi, na ZFS yaweza kuachia bloku taratibu nyuma ya pazia, hivyo df ya papo hapo hudanganya. Tazama kwanza sifa ya freeing ya tangi (pool) kama imefika sifuri. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la uondoaji wa nakala rudufu za bloku: ukiwashwa, bloku inayotumiwa na faili jingine haitaachiwa, na kiasi kitakachorudi kwenye tangi kinaweza kuwa pungufu ya kilichotajwa. Fundi mzuri hulisema hilo kabla hajaulizwa, na hukagua pia kama kuna kloni au kizuizi cha hold, kwani vyote viwili hukwamisha ufutaji.

Fundi akikuletea namba moja isiyotaja ni snapshoti zipi zitafutwa pamoja, mrudishie akapime upya.