Ulinganisho wa nyuzi kama utunzi: kuhusu gitaa la chuma lenye pedali

0. Utangulizi

Katika kurasa kama hizi nyimbo huhakikiwa kwa maneno yake. Tunachambua mafumbo, tunahesabu mizani, tunatafuta asili ya misemo. Kisha gitaa tunalitaja katika sentensi moja ya mwisho, kana kwamba lilikuwa mpita njia tu. Makala haya yanakusudia kufanya kinyume. Yanahakiki ala moja, gitaa la chuma lenye pedali lililokomaa nchini Marekani, na hasa jambo ambalo mpigaji huliamua kabla hajatoa sauti hata moja: nyuzi zilinganishwe vipi, na kila pedali ibadilishe nini. Dai letu ni kwamba uamuzi huo ni sehemu ya utunzi, wala si kazi ya fundi peke yake, na kwamba mhakiki asiyeujua husifu au hulaumu kitu ambacho hakukisikia vizuri.

Pengine msomaji wa Lubumbashi atauliza ala hiyo inatuhusu nini. Mzazi wake, yaani gitaa la Kihawaii, alikwisha kufika kwetu: Nicolas Kasanda, aliyejulikana kwa jina la Docteur Nico, alilipiga katika African Fiesta Sukisa, na kabla yake Zacharie Elenga, yaani Jhimmy, alikuwa ameutafuta utamu huohuo kwa gitaa la kawaida, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Zaidi ya hayo, wapigaji wetu hawahitaji kufundishwa kwamba ulinganisho hubadilisha muziki. Katika gitaa la mi-composé uzi wa nne huondolewa, ukawekwa mwembamba unaolia oktava moja juu. Ni uzi mmoja tu, lakini sikio la Mkongo hulitambua gitaa hilo mara moja.

1. Kikwazo cha chuma

Joseph Kekuku, mzaliwa wa Hawaii, ndiye anayetajwa kwa kawaida kuwa aliyeanzisha, mwishoni mwa karne ya 19, mtindo wa kulaza gitaa mapajani na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibonyeza kwa vidole. Faida yake inasikika hata kwa mtoto: sauti hupanda na kushuka bila ngazi, kama koo la mwimbaji. Hasara yake husikika baadaye kidogo. Chuma kimenyooka. Vidole vinne vya mkono wa kushoto vyaweza kushika nyuzi nne mahali panne tofauti. Chuma hukata nyuzi zote kwenye mstari mmoja. Basi, akodi (tunaita hivyo sauti kadhaa zinazolia pamoja) ambayo nyuzi zimelinganishwa kuitoa, ndiyo hiyohiyo utakayoipata kila mahali, juu au chini. Mpigaji hodari anaweza kukiinamisha chuma apate mbili tatu za ziada, lakini uhuru huo ni mdogo.

Jibu la kwanza lilikuwa kuongeza shingo. Watengenezaji walitoa magitaa yenye shingo mbili, tatu, hata nne, kila moja na ulinganisho wake, na mpigaji akawa anahama kutoka shingo hadi shingo katikati ya wimbo. Jibu la pili lilikuwa pedali, ambayo huvuta fito za chuma chini ya gitaa na kukaza au kulegeza uzi fulani kwa kiasi kilichopangwa. Hapo mwanzo, kwa wapigaji walio wengi, pedali ilikuwa tu njia ya mkato ya kubadili ulinganisho: unakanyaga, halafu unapiga.

2. Bud Isaacs na waliomfuata

Mwishoni mwa mwaka 1953 Bud Isaacs aliingia studio kumsindikiza mwimbaji Webb Pierce katika wimbo uitwao « Slowly », ambao ulivuma sana mwaka 1954. Isaacs alikanyaga pedali wakati nyuzi zingali zinalia. Msikilizaji akasikia jambo ambalo chuma peke yake hakiwezi kulifanya: sauti mbili zinapanda, ya tatu imetulia mahali pake. Wapigaji wengine walilazimika kutafuta pedali haraka, maana wenye bendi waliitaka sauti ile.

Kwa maoni yetu, hatua kubwa zaidi kwa mhakiki ni ile iliyofuata. Pedali ya Isaacs ilipandisha nyuzi za si hadi do-dieze na za sol-dieze hadi la, zote kwa pamoja, na hivyo akodi kubwa ya mi ikageuka kuwa akodi kubwa ya la. Buddy Emmons na Jimmy Day, katika miaka hiyo ya 1950, waliligawa tendo hilo katika pedali mbili. Tazama matokeo yake. Ukikanyaga ile ya kwanza tu, mi, sol-dieze na si hugeuka kuwa mi, sol-dieze na do-dieze: akodi ndogo ya do-dieze, yenye huzuni, imezaliwa bila chuma kusogea. Ukikanyaga ya pili tu, unapata sauti iliyoning'inia, inayodai kujibiwa. Pedali moja ilikuwa sentensi iliyokwisha kutungwa. Pedali mbili zikawa maneno mawili ambayo kila mtu aweza kuyaunganisha kwa namna yake. Ni kweli pia kwamba Emmons na Day walizipanga kwa mfuatano ulio kinyume, mmoja kutoka kushoto na mwingine kutoka kulia, na hadi leo mnunuzi huulizwa anafuata mpango wa yupi. Tofauti hiyo ni ya kifundo cha mguu zaidi kuliko ya sikio, nasi hatutakawia hapo.

Mwaka 1962 Emmons aliongeza nyuzi mbili, fa-dieze na re-dieze, akaziweka juu kabisa, mahali ambapo mfuatano wa kawaida kutoka nyembamba hadi nene unavunjika. Hivyo ukakamilika ulinganisho wa nyuzi kumi ambao Wamarekani huuandika E9: fa-dieze, re-dieze, sol-dieze, mi, si, sol-dieze, fa-dieze, mi, re, si. Pamoja nao huenda pedali tatu na nyenzo kadhaa zinazosukumwa kwa magoti, mmoja ukishusha mi hadi re-dieze, mwingine ukiipandisha hadi fa. Kando yake upo ulinganisho wa C6, wenye do, mi, sol na la, unaopendwa na wapiga swing na jazi kwa sababu akodi zake ni nzito na zenye kivuli. Magitaa mengi makubwa yana shingo hizo mbili.

3. Usanifu na gharama yake

E9 leo ni lugha sanifu. Vitabu vya kufundishia vimeandikwa kwayo, magitaa ya wanaoanza huuzwa nayo, na mwanafunzi anayehama mji humkuta mwalimu mwingine bila kuanza upya. Wasomaji wetu wanaijua hali hiyo. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, faida ilikuwa ya namna hiyo, na sisi tunaozungumza Kiswahili cha Lubumbashi tunajua pia gharama. Ulinganifu huu una mpaka, bila shaka: mpigaji aweza kufungua ufito mmoja kwa bisibisi jioni akaurudisha asubuhi, jambo ambalo lugha haliruhusu.

Gharama yenyewe ni ipi? Pedali zinazorahisisha mwendo fulani huuita mwendo huo kila mara. Mguu hushuka wenyewe. Ndiyo sababu wapigaji wengi wa Nashville, hata walio hodari, humalizia sentensi zao kwa mpando uleule wa Isaacs, na msikilizaji husema « hii ni country » kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Wale waliokataa kufuata kijia hicho wanasikika tofauti. Katika makanisa ya Wamarekani weusi ya House of God ilikua jadi ya gitaa la chuma tangu miaka ya 1930, ambayo ulimwengu wa nje ulianza kuisikia sana baada ya rekodi za Arhoolie za mwaka 1997; Chuck Campbell na wenzake wana milinganisho yao, iliyokusudiwa kulifanya gitaa lilie na kuhubiri pamoja na mchungaji. Nchini Nigeria Demola Adepoju aliipiga ala hii katika bendi ya King Sunny Adé, ndani ya juju, na hakuna anayemsikia akafikiri yuko Tennessee.

Je, mpigaji wa Kongo akipata ala hii leo, aanze wapi? Wapo watakaomshauri ulinganisho wa « jumla », wenye nyuzi 12 kwenye shingo moja, unaokusanya E9 na mwenziwe. Sisi hatushawishiki. Anayebeba kila kitu hujikwaa kwenye kila kitu, hasa asipokuwa na mwalimu karibu. Wala hatumshauri abuni mpango wake siku ya kwanza kwa ajili ya fahari ya utaifa. Achukue E9 ya kawaida, kisha aipime kwa sebene.

Kipimo hicho kinashangaza. Sebene nyingi huzunguka akodi tatu. Weka chuma kwenye mstari wa tatu: nyuzi bila pedali hutoa sol, pedali mbili za kwanza zikikanyagwa hutoa do, ukiachia na kuchagua nyuzi za re-dieze, si na fa-dieze, unapata re. Mzunguko mzima umekamilika na mkono wa kushoto haujahama. Nyuzi za tano na sita, kwa pedali hizohizo, husogea pamoja kwa theluthi, mwendo ambao magitaa yetu huutumia kila siku. Ala iliyotengenezwa kwa nyimbo za Tennessee imebeba ndani yake nusu ya sarufi yetu. Kinachokosekana ni kasi: pedali hukawia kidogo kurudi, na chuma hulainisha kila pembe, ambapo sebene hutaka pembe kali. Hapo ndipo mpango ubadilishwe, si kabla.

Limebaki jambo la sikio. Piano hugawa oktava kwa nusu-sauti 12 zilizo sawa, na theluthi kubwa ya piano ni pana kuliko theluthi safi kwa sehemu 14 hivi kati ya sehemu 100 za nusu-sauti. Juu ya gitaa la chuma, ambapo sauti hudumu muda mrefu, sehemu hizo 14 husikika kama mtetemo mchafu, kwa hiyo wapigaji wengi hushusha sol-dieze zao, na do-dieze inayotolewa na pedali ya kwanza. Akodi zinatulia. Lakini fa-dieze sasa imo mashakani: ikipatana na si, inagombana na do-dieze iliyoshushwa, ikipatana na do-dieze, inagombana na si. Wengine huvumilia. Wengine hulinganisha kama piano, wapatane na bendi. Na wengine huongeza ufito mmoja zaidi chini ya gitaa, ambao kazi yake yote ni kuilegeza fa-dieze kidogo sana kila pedali ya kwanza inapokanyagwa, kiasi ambacho mtu anayesikiliza wimbo huo redioni hatajua kamwe kwamba kipo.