Tuta na Handaki: Juu ya Faraja ya Matembezi

Wako wahakiki wanaodharau vitabu na matembezi yanayomtoa mtu katika taabu zake kwa muda. Husema kwamba kukimbia si dawa, na kwamba faraja ipatikanayo kwa kusahau ni sawa na faraja ya ulevi. Hukumu hii ina ukweli ndani yake, lakini haikupimwa sawasawa, maana haitofautishi kimbilio moja na jingine.

Tutazame mahali pawili. Disneyland, bustani ya michezo na hadithi iliyofunguliwa Anaheim, California, mwaka 1955, ilizungushiwa tuta kubwa la udongo ili mgeni aliyemo ndani asiione dunia aliyoiacha nje. Humo kila njia na kila jengo ni sehemu ya ngano. Si haki kulibeza tuta hilo. Aliyechoka huhitaji kufunikwa kama mgonjwa ahitajivyo shuka, na mzazi apataye saa chache za kicheko pamoja na wanawe hakuibiwa kitu.

Mahali pa pili ni Ndolezi, Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe. Mkazi wa Tunduma, ambaye siku zake hupita katika vumbi na kelele za malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia, akitaka kupumzika aweza kwenda huko kukitazama kimondo. Hapana bembea wala ngano iliyojengwa. Lipo pande la chuma chenye nikeli, urefu wake yapata mita 3, uzito wake zaidi ya tani 10, ambalo habari zake ziliwafikia wataalamu mwaka 1930. Ili lionekane lote, udongo uliolizunguka ulichimbwa, ikaachwa nguzo ya udongo chini yake, kisha nguzo hiyo ikaimarishwa kwa saruji. Kule tuta liliinuliwa ili kuficha. Huku handaki lilichimbwa ili kuonyesha.

Tofauti hiyo yafaa kuwa kipimo katika fasihi pia. Shaaban Robert, katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, anaanza kwa tuta: anatupeleka katika nchi iliyo angani, nje ya kila ramani. Msomaji apendaye kutoroka huridhika. Lakini wajumbe sita waliotumwa kutoka nchi hiyo hawakusafiri ili wasahau kwao. Kila mmoja alirudi na jambo la kuitengeneza nchi yake, na kila mmoja alilipwa kifungo. Hapo tuta hugeuka handaki. Msomaji wa Tanganyika, aliyekuwa chini ya utawala wa kigeni, alidhani amekwenda mbali, kumbe alikuwa akionyeshwa udongo aliosimama juu yake.

Basi kosa haliko katika kukimbia. Kimbilio likimrudisha mtu kama alivyokuwa, limempumzisha, na hilo si dogo. Likimrudisha akiwa na jicho jipya, limemfariji. Mkazi wa Tunduma arudipo jioni huikuta foleni ile ile, haikupungua hata lori moja. Ila sasa amekwisha kuona chuma kilichofika katika nchi hiyo kabla mpaka haujachorwa. Mhakiki na aulize msomaji amerudi na nini, kabla ya kumlaumu kwa kuondoka.